Maumivu ya Kila Mwezi Yanapofika Utumboni



Wazee wetu walisema, "Mficha uchi hazai," na wakasema tena, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Semi mbili hizi sote twazijua na watoto wetu twawafundisha, na juu ya hivyo majumbani mwetu yamo maradhi yasiyotajwa ila kwa kunong'onezana. Maradhi ninayoyakusudia mwezi huu ni ya wanawake, nayo hukaa mahali ambapo watu huona haya kupataja mara mbili: baina ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Kwa ajili hiyo mgonjwa wake hunyamaza mara mbili. Basi tutayataja kwa adabu lakini waziwazi, kwani haya isiyomwacha mtu kutibiwa si haya ya kusifiwa.

Mimi si tabibu, ni mwalimu wa chuo. Yanayohusu dawa na upasuaji nitakayoyaeleza hapa ni yale ambayo matabibu wa zama zetu wameyathibitisha. Langu mimi ni moja tu, nalo ni la chuoni na la nyumbani. Nitalitaja mahali pake.

MARADHI YENYEWE

Ndani ya mji wa mimba mna utando laini. Kila mwezi utando huo hunenepa na kujaa damu, na mimba isipoingia humomonyoka ukatoka. Hiyo ndiyo hedhi. Katika baadhi ya wanawake, nyama iliyofanana na utando huo huota nje ya mji wa mimba: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya mji wa mimba, juu ya kibofu, na katika utumbo. Jina la maradhi haya kwa matabibu ni endometriosi. Nyama hiyo iliyokaa pasipo pake hutii amri zile zile za homoni ziutiizo mji wa mimba. Mwezi ukifika nayo huvimba na kuvuja damu, lakini haina mlango wa kutolea. Mahali pale huwaka kama jeraha, jeraha huacha kovu, na makovu hunata na kuunganisha viungo ambavyo maumbile yake ni kuteleza kimoja juu ya kingine.

Asidhani mtu kwamba haya ni maradhi ya nadra. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba yamewapata kiasi cha wanawake na wasichana milioni 190, yaani karibu mmoja katika kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Katika hao, wanaofikwa utumboni ni wachache. Hesabu itajwayo mara nyingi ni baina ya 5 na 12 katika kila 100. Na utumbo unapofikwa, aghalabu huwa ni puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, au kipande kilicho juu yake tu. Kidole tumbo na mwisho wa utumbo mwembamba nao huweza kufikwa, ila si mara nyingi.

Wala si maradhi mapya. Daktari John Sampson, wa mji wa Albany katika jimbo la New York, Marekani, aliandika mwaka 1922 makala ndefu juu ya nyama hii ikiwa matumboni, na mwaka 1927 akaeleza rai yake kwamba baadhi ya damu ya mwezi hurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi ikamwagika tumboni, na ikapanda huko kama mbegu. Rai hiyo yaelezwa hata leo, lakini haitoshi peke yake, kwa sababu wanawake wengi mno hurudiwa na damu namna hiyo wala hawaugui. Yatosha kujua kwamba mgonjwa hakuyaleta kwa uchafu, wala kwa uasherati, wala kwa kula kitu fulani, wala hayaambukizi.

Jinsi yasivyojali mipaka ya mji wa mimba, watu wa Afrika Mashariki wamekwisha kuliona. Mtangazaji wa Kenya, Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alikuwa nayo mpaka kifuani, akapasuliwa mara nyingi, na alisimama mbele ya watu akayaeleza ili wasichana wengine wasichelewe kama alivyochelewa yeye.

DALILI, NA JINSI ZINAVYOPOTEZA WATU NJIA

Mwanamke mwenye maradhi haya utumboni huwa na maumivu makali ya hedhi, na pamoja nayo huja mambo ya tumbo. Aendapo haja kubwa katika siku hizo huhisi kama anayechomwa kisu ndani. Choo hufunga, au huharisha, au hiki kikafuata kile. Tumbo hujaa na kuvimba. Wengine huona damu katika choo, wengine huumwa na mgongo na nyonga, na aliyeolewa huumia anapokutana na mumewe.

Sasa tazameni linalotokea. Msichana hupelekwa zahanati akaambiwa ana ameba. Hupewa dawa, siku za hedhi zikapita, maumivu yakapungua, watu wakasema dawa imefaa. Mwezi wa pili yakirudi, huambiwa ni vidonda vya tumbo. Mwezi wa tatu huambiwa ni gesi, au ni pepo, au ni hasadi. Na katika yote hayo yuko bibi mmoja nyumbani ambaye husema, "Sisi sote tuliumwa, vumilia, ukiolewa ukizaa yatakwisha." Kwa njia hii miaka hupita. Shirika la Afya Duniani na matabibu wa nchi nyingi wamelalamikia jambo hili hili, kwamba baina ya siku ya kwanza ya kuumwa na siku ya kupewa jina la ugonjwa huweza kupita miaka minne, minane, hata zaidi. Miaka hiyo ni ya skuli, ni ya kuolewa, ni ya kuzaa. Kuna aliyefelishwa mtihani kwa siku tatu za kila mwezi, na kuna aliyepewa talaka kwa jina la kudeka.

Kuumwa kidogo katika hedhi ni jambo la kawaida. Lakini maumivu yanayomlaza binti chini, yanayomkosesha masomo au kazi, yasiyotulizwa na vidonge vya kawaida, hayo si ada ya wanawake. Hayo ni ugonjwa mpaka ithibitishwe vingine. Na lile la "mwozeni azae atapona" si dawa. Mwongozo wa mwaka 2022 wa jumuiya ya Ulaya ya matabibu wa uzazi waeleza waziwazi kwamba mgonjwa asishauriwe kushika mimba kwa nia tu ya kutibu maradhi haya. Tena wengi wa wagonjwa hawa hupata taabu kushika mimba. Basi binti akiozwa kwa haraka ili apone, huenda akapata misiba miwili badala ya mmoja.

DAFTARI LA HESABU

Hapa ndipo penye lile neno langu la chuoni. Binti zetu, tangu wanapobaleghe, twawafundisha kuhesabu siku za hedhi zao: ilianza lini, ilikatika lini, ada yake siku ngapi, ipi ni hedhi na ipi ni istihadha, siku ngapi za Ramadhani anadaiwa. Elimu hii wanayo, na wengi huiandika. Basi waiongeze safu moja tu. Mbele ya kila siku aandike: leo niliumwa wapi, kwa kadiri gani, choo kilikuwaje, je niliona damu katika choo, je nililala kitandani, nilimeza dawa gani.

Afanye hivyo miezi mitatu, kisha alichukue daftari hilo kwa daktari. Ameba haijui tarehe. Vidonda vya tumbo havingojei mwezi uandame. Maumivu ya choo yakionekana daftarini kwamba yalikuja na hedhi mwezi wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, daktari mwenye akili hatakosa kuuliza juu ya endometriosi, hata kama mgonjwa ameona haya kutamka. Karatasi haina haya. Na ijulikane kwamba maradhi yakikomaa, maumivu huweza kuenea hata nje ya siku za hedhi. Kwa hiyo tarehe za mwanzo zina thamani kubwa, zisitupwe.

Jambo moja la tahadhari. Damu katika choo, iwe ya mwezi au isiwe, yataka kuchunguzwa na daktari, kwani maradhi mengine mazito, ikiwamo saratani ya utumbo, hutoa damu vile vile. Na mwanamke ambaye tumbo limejaa, anatapika, na hatoki choo wala upepo, huyo haandiki daftari. Apelekwe hospitali saa ile ile, kwa kuwa huenda utumbo umeziba.

VIPIMO

Watu wengi hupimwa, wakaambiwa hawana kitu, wakarudi nyumbani wakiitwa waongo. Yafaa basi tujue kwa nini kipimo huweza kunyamaza.

Kile kipimo cha kuingiza kamera katika njia ya haja kubwa, yaani kolonoskopi, huutazama utumbo kwa ndani. Maradhi haya huuingia utumbo kutoka nje: huanza katika ngozi ya juu, hupenya katika nyama ya ukuta, na mara chache tu hufika ngozi ya ndani. Ni kama mchwa wanaokula boriti kutoka upande wa paa. Aliye chini akitazama dari huona limetulia. Kwa hiyo kolonoskopi safi haikanushi maradhi haya. Faida yake kubwa ni kuondoa shaka ya maradhi mengine. Kadhalika altrasaundi ya haraka ipitishwayo juu ya tumbo haitoshi, na kipimo cha damu kiitwacho CA-125 hakitegemewi katika kuyathibitisha.

Kinachofaa ni mambo matatu. La kwanza ni daktari wa magonjwa ya wanawake kusikiliza habari yote na kumpima mgonjwa kwa mkono. La pili ni altrasaundi inayopitishwa katika njia ya uzazi, ikifanywa na mtu aliyejifunza kuyatafuta maradhi haya hasa. Huyo hutazama kama mji wa mimba na puru vinateleza kimoja juu ya kingine au vimegandana, na huupima uvimbe ulioko katika ukuta wa utumbo, urefu wake na umbali wake kutoka mwisho wa njia ya haja. Mwaka 2016 mabingwa wa nchi mbalimbali walipatana juu ya namna moja ya kufanya kipimo hiki na maneno ya kukiandikia, ili daktari wa hospitali moja aielewe ripoti ya mwenziwe. La tatu ni picha ya sumaku, iitwayo MRI, ambayo huonyesha viungo vyote vya nyonga pamoja. Tena mgonjwa apigwe picha ya figo, kwa sababu makovu haya huweza kuubana mrija wa mkojo kimya kimya, figo ikaharibika pasipo maumivu yoyote.

Na hapa lazima niseme neno kwa wazazi wa wasichana ambao hawajaolewa. Wapo wanaomzuia binti asiende hospitali kabisa kwa kuogopa kipimo cha njia ya uzazi. Hofu hiyo isiwe mlango wa kumwacha aumie. Binti asiyeolewa hana haja ya kupimwa kwa njia hiyo. Matabibu wanayo njia nyingine, nayo ni MRI, au altrasaundi ya juu ya tumbo, au ile ya njia ya haja kubwa. Mzazi amwambie daktari kwa heshima, "Mwanangu bado mwali," na daktari aijuaye kazi yake ataelewa.

Zamani ilisemwa kwamba hapana njia ya kuyathibitisha maradhi haya ila kumpasua mtu na kutazama. Mwongozo ule wa mwaka 2022 umeibadili kauli hiyo. Kutazama kwa kamera ndani ya tumbo, yaani laparoskopi, sasa hushauriwa kwa yule ambaye picha hazikuonyesha kitu, au ambaye dawa alizojaribiwa hazikumfaa.

DAWA KABLA YA KISU

Si kila mwenye uvimbe utumboni hupasuliwa. Ambaye hana taabu kubwa, na utumbo wake haukubanwa, huweza kutibiwa kwa dawa za kutuliza maumivu na dawa za homoni, ambazo huituliza nyama ile kwa kuipunguzia hedhi au kuisimamisha. Hazing'oi maradhi, huyalaza. Akiziacha, mara nyingi huamka. Tena hazimfai mwenye kutaka mimba wakati ule, kwa sababu nyingi katika hizo huzuia mimba.

Miongoni mwa dawa hizo mna vidonge vile vile vinavyotumiwa na wenye kupanga uzazi. Ndugu zangu, hapa pana mtihani wa kweli majumbani. Mama hufungua mkoba wa bintiye, akakuta vidonge, na kabla ya kuuliza akamdhania ubaya. Dhana mbaya juu ya mtu aliye safi ni dhambi nzito, na dhambi hiyo huwa nzito zaidi akiwa mtu huyo ni mgonjwa. Muulize kwanza, na umsindikize kwa daktari usikie mwenyewe. Ama kuhusu kusimamisha hedhi kwa dawa, maulamaa wengi wa zama hizi wameruhusu ikiwa tabibu ameona faida na hapana dhara. Na siku ambazo hana hedhi, yeye ni tohara, huswali na hufunga kama wengine.

UPASUAJI, NA NAMNA ZAKE TATU

Upasuaji hufikiriwa pale ambapo dawa hazikufaa au haziwezekani, maumivu yamemshinda mtu, au mimba imekosekana na sababu nyinginezo zimetazamwa. Ama utumbo ukiwa umebanwa hata choo hakipiti vyema, au figo imo hatarini, hapo kisu ndicho kiongozi na kungoja ni hasara. Siku hizi aghalabu hufanywa kwa matundu madogo tumboni na kamera, mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi.

Namna ya kwanza ni kukwangua. Mpasuaji huparua uvimbe kutoka ukuta wa utumbo, tabaka kwa tabaka, bila ya kuutoboa. Hufaa pale ambapo maradhi hayakuzama sana. Hatari zake ni chache kuliko za namna nyingine, lakini huenda mabaki yakasalia, na maradhi yakarudi.

Namna ya pili ni kukata duara. Uvimbe ukiwa mmoja, si mkubwa, tuseme kiasi cha sentimita 3 au chini yake, lakini umezama, hukatwa kipande cha ukuta kama kiraka cha nguo kilichotolewa, kisha tundu likazibwa kwa uzi au kwa chombo cha kubania pini.

Namna ya tatu ni kukata kipande kizima cha utumbo na kuziunganisha ncha mbili. Hii ni ya uvimbe mkubwa, au mwingi, au ule ulioubana utumbo. Ndiyo iondoayo zaidi, na ndiyo yenye hatari zaidi. Mshono huweza kuvuja, na usaha ukaingia tumboni. Huweza kutokea fistula baina ya puru na njia ya uzazi. Mishipa ya fahamu ya kibofu huweza kujeruhiwa, mtu asiweze kukojoa vyema kwa muda. Na wengine baada yake huenda haja mara nyingi kwa siku, au kwa haraka isiyozuilika. Mshono ukiwa chini sana, karibu na mwisho wa puru, mpasuaji huweza kuutoa utumbo kwa muda kupitia ukuta wa tumbo, choo kikaingia katika mfuko, mpaka mshono upone. Kisha baada ya miezi michache huurudisha ndani.

Je, iliyo bora ni kupunguza kidogo au kukata kabisa? Jambo hili lilijaribiwa huko Ufaransa na daktari Horace Roman na wenziwe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Waliwachukua wanawake 60 wenye uvimbe uliozama katika puru, wakawagawa kwa kura: baadhi wakakwanguliwa au kukatwa duara, na baadhi wakakatwa kipande. Baada ya miaka miwili wakaangalia taabu za choo na za mkojo katika makundi yote mawili, na wasione tofauti ya kutegemewa baina yao. Funzo ni kwamba anayekata kingi hana hakika ya kuleta raha nyingi, na anayekata kidogo naye hana hakika ya kuepusha taabu. Kila mgonjwa apimiwe kwa uvimbe wake, umri wake, na haja yake ya kuzaa.

Kwa ajili hiyo, anayeambiwa apasuliwe asione haya kumwuliza daktari maswali haya. Uvimbe wangu una urefu gani, na uko umbali gani kutoka mwisho wa njia ya haja? Ni namna ipi katika hizo tatu unayoikusudia, na kwa nini? Umeifanya mara ngapi? Je, daktari wa upasuaji wa utumbo atakuwapo pamoja na daktari wa wanawake? Je, huenda nikaamka nikiwa na mfuko tumboni? Na kisha nitumie dawa gani ili yasirudi? Daktari mwema huyapenda maswali haya. Na akiona kazi hiyo ni kubwa kuliko uwezo wa hospitali yake, akampeleka mgonjwa hospitali kubwa, ashukuriwe, asilaumiwe. Kupasuliwa nusunusu mara tano ni taabu kubwa kuliko kungoja kidogo na kupasuliwa mara moja na wajuzi.

Akisharudi nyumbani, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, moyo kwenda mbio, au choo na upepo kutokea njia ya uzazi, ni ishara za kurudi hospitali mara moja, hata ikiwa ni usiku wa manane.

SITARA NA IBADA

Katika barabara hii watu huuliza juu ya kufunuliwa tupu. Sheria yetu haikumwacha mgonjwa gizani. Awali hutafutwa tabibu mwanamke mjuzi wa kazi hiyo. Asipopatikana, huruhusiwa mwanamume mwaminifu, kwa kadiri ya haja tu, na awepo mume au maharimu au mwanamke mwaminifu. Neno "mjuzi" lisirukwe. Mwanamke asiyeijua kazi ya utumbo hachukui nafasi ya mjuzi katika upasuaji huu, maana dharura yenyewe ni kuondoa dhara, na kisu cha asiyejua ni dhara juu ya dhara.

Aliyewekewa mfuko tumboni asiache swala. Yeye yumo katika wenye udhuru, kama mwenye istihadha na asiyezuilika mkojo: hujisafisha awezavyo, hutia udhu baada ya kuingia wakati, na huswali. Na apewe nafasi yake katika nyumba bila ya kuzibwa pua.

NENO KWA WANAUME

Nimalizie kwa wanaume wenzangu. Mkeo akikuambia anaumia katika faragha, amini. Hakukukataa wewe, nyuma ya mji wake wa mimba pana kovu linalovutwa. Usimwite mdekaji, wala usimlinganishe na mama yako aliyezaa kumi. Mtoto akichelewa, pimwa na wewe, usimtupie yeye mzigo wote. Na siku ya kutiwa sahihi karatasi ya upasuaji, mwenye mwili ndiye mwenye neno la kwanza. Shangazi, wakwe na majirani wawe watu wa dua na wa kupika uji.

Nawe baba mwenye binti, muulize mama yake jambo moja jioni ya leo: mtoto wetu hukosa skuli siku ngapi kila mwezi? Ikiwa jibu ni siku zile zile za kila mwezi, mnunulie daftari, na mwezi wa tatu umpeleke. Gharama ya daftari ni ndogo mno mbele ya miaka minane ya kunyamaza.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na awape subira wanaowauguza. Wabillahi tawfiq.